Kigingi cha Kahawa West

Nimesimika miguu mitatu ya kipokezi mpakani,
kati ya ukuta wa Bi Wamaitha na mabati ya Okumbe.
Lokwang', kijana wangu wa vigingi, ameshika kamba
kama mtu aliyeshikishwa mbuzi wa jirani.
Kesi ni ya shubiri tatu za udongo.
Shubiri tatu, na mawakili wawili mjini,
na watu wasiosalimiana tangu mvua za mwaka juzi.

"Ngojeni," nawaambia. "Nasikiliza."
Wanatazama juu. Hakuna kitu ila mwewe na waya za stima.

Kumbe zipo. Setelaiti saba asubuhi hii,
ya nane inachungulia upande wa Ngong.
Kila moja imebeba saa, na kila saa ina neno moja tu:
sasa, sasa, sasa,
neno ambalo likinifikia limeshakuwa uongo mdogo.

Maana kule juu dunia imelegeza mkono wake,
saa hutembea upesi: mikrosekunde arobaini na tano kwa siku.
Lakini pia zinakimbia, kilomita karibu nne kila sekunde,
na anayekimbia saa yake huchelewa. Toa saba.
Baki thelathini na nane.
Kope hazijapepesa. Umbea haujavuka kichochoro.
Ila mwanga umeshatembea kilomita kumi na moja.

Nikawatania: bila hesabu hii, kesho
kiwanja chenu cha hamsini kwa mia kingeamkia Muthaiga,
na kuku wa Bi Wamaitha wangedai walinzi.
Okumbe alicheka. Kisha akakumbuka kwamba amenuna.

Treni ya Ruiru ikapita nyuma ya maduka,
honi ikija nyembamba, ikienda nene.
Ndani ya treni, dereva alisikia sauti moja tu.
Na hizi za juu ni vivyo hivyo: ikichomoza hupanda sauti,
ikituacha huishusha, na kipokezi changu
huikimbiza nota hiyo kama mama anayemjua mwanawe
kwa kilio tu, hata akiwa chumba cha pili.

Baba alikuwa fundi wa saa, chini ya ngazi, River Road.
Kioo jichoni, kibano, sinia la skrubu ndogo kama mbegu za mchicha.
Aliwachukia wateja waliosogeza mishale dakika tano mbele
ili wasichelewe kazini.
"Unajidanganya," aliwaambia, "na unajua unajidanganya."
Akawarudishia saa, hela zao hakuzitaka.

Baba, sikuwahi kukuambia.
Saa hizi zilipunguzwa makusudi, mezani, kabla ya kurushwa.
Zilikosewa hapa chini ili zikawe sahihi huko ziendako.
Ungezikataa. Na bado wewe mwenyewe, miaka yote,
ulitazama mshale mfupi ukiwa juu ya tisa
ukasema bila kusita: saa tatu.

Dada yangu Ashiembi anakaa Mombasa.
Tumenuniana tangu mazishi, kwa ajili ya sinia lile.
Saa ya Nairobi, kwa kuwa tuko mlimani,
humtangulia nanosekunde kumi na sita kwa siku.
Miaka tisa. Nimepiga hesabu kwenye kiganja:
mikrosekunde hamsini na kitu, na sinia
bado liko chini ya kitanda changu, halijafunguliwa.

Kipokezi kimetulia. Milimita nane, huku au kule.
Kigingi cha zamani kilikuwa palepale,
chini ya pipa la maji ambalo wote wawili hulitumia
na hakuna aliyewahi kulisogeza.
Lokwang' anapiga nyundo.
Bi Wamaitha anauliza kama nitakunywa chai,
na anamuuliza Okumbe pia, ila akitazama ukuta.

Nimetoa simu. Inaita.
Sijui nitaanzia wapi. Labda kwa kumuuliza
huko kwao ni saa ngapi.